Évora, Marvão au Mértola: ukitaka kutembea kwa miguu mashambani mwa Ureno, ushukie wapi?

Watu wanaonitaka ushauri wa kwenda kutembea kwa miguu mashambani mwa Ureno huja na picha kwenye simu. Ngome juu ya jabali, nyumba nyeupe, jua linazama nyuma yake. Mji wameshauchagua kwa ile picha, na wanachotaka kujua ni basi linapandiwa wapi tu. Hapo ndipo safari inapoanza kuharibika, maana huenda siku ile basi halipo kabisa, na mwezi waliokatia tiketi ya ndege ni Agosti.

Mimi huanzia upande wa pili. Tazama kalenda kwanza, kisha basi, kisha magoti yako. Picha iwe ya mwisho.

Miji ninayoilinganisha hapa ni mitatu, yote ya Alentejo, mkoa mpana wa kusini ambao jina lake maana yake ni ng'ambo ya Tejo, mto unaomwagikia baharini pale Lisbon. Évora iko katikati ya mkoa, kwenye tambarare. Marvão iko kaskazini-mashariki, juu ya jabali karibu na mpaka wa Hispania, na jirani yake ni Castelo de Vide, kwa hiyo miji hiyo miwili nitaihesabu kama kituo kimoja. Mértola iko kusini, imejibanza ukingoni mwa mto Guadiana. Monsaraz, mji mwingine wa mkoa huu, nimeuacha makusudi. Ni pazuri mno kwa kutazama ziwa la Alqueva mchana na nyota usiku, lakini kwa kutembea siku tatu nne mfululizo naona njia zinaisha mapema. Njia za Rota Vicentina zilizo kandokando ya bahari nazo ni habari nyingine, za mchanga na upepo. Hapa tunazungumzia mashamba.

Mwezi gani?

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akiambiwa nyuzi joto 35 hashtuki. Tatizo ni kwamba joto la Alentejo si ndugu wa joto letu. Ni kavu, halina upepo wa bahari, jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo hujui kama mwili umeishiwa maji mpaka kichwa kianze kugonga. Amareleja, mji mdogo wa mashariki mwa mkoa, ulipimwa zaidi ya nyuzi 47 tarehe 1 Agosti 2003. Huo ni mwaka wa balaa, sawa, lakini siku za nyuzi 40 si ajabu huko kila kiangazi.

Kuna na mtego wa saa. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea kwamba ikifika saa kumi jioni jua limeshaanza kulegea. Kule mwezi Juni jua huzama yapata saa tatu usiku, na joto hufika kileleni saa kumi au kumi na moja jioni. Ukilala mchana, ukaamka saa tisa na nusu ukajitwika shanta ukidhani umelikwepa jua, ndiyo kwanza unaliingia. Wenyeji wa mashamba hutoka alfajiri, na mchana kutwa madirisha yao yamefungwa. Fuata mfano wao.

Sasa ilinganishe miji. Mértola ni tanuri: imo bondeni, imezungukwa na miamba myeusi inayofyonza jua mchana na kulirudisha usiku, na miti ya kivuli ni ya kutafuta. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba ifute kichwani. Évora ni afadhali kidogo tu, kwa sababu tambarare yake iko wazi. Marvão iko kwenye mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya hifadhi ya milima ya São Mamede, ambayo kilele chake cha mita 1,025 ndicho kirefu kuliko vyote vya Ureno bara kusini mwa Tejo. Mvua huko ni nyingi zaidi, kuna chemchemi na kuna misitu ya kivuli kizito. Kama likizo yako ni Agosti na mwajiri hasikii, nenda Marvão, na hata hapo uwe umemaliza kutembea kabla ya saa tano asubuhi.

Desemba hadi Februari mambo yanageuka. Marvão hufunikwa na ukungu, upepo wake unakata, na mawe ya njia yanateleza. Mértola wakati huo ina jua la upole, na majira ya maua yanafika kule mapema kuliko kwingine. Évora inatembeleka, ila matope utayakuta. Angalia tu kwamba siku ni fupi: mwezi Desemba jua linazama saa kumi na moja na dakika chache, na giza la shambani halina taa za barabarani.

Machi hadi katikati ya Mei ndio wakati wenyewe, kwa miji yote mitatu. Tambarare zinakuwa za kijani, korongo weupe wamejenga viota juu ya nguzo za umeme, na kichaka kiitwacho esteva kinachanua maua makubwa meupe yenye madoa ya rangi ya damu ya mzee. Majani yake yananata na yananukia kama ubani uliopashwa moto. Ningeambiwa nichague wiki moja ya mwaka, ningechagua ya mwanzo wa Aprili.

Bila gari utafika?

Évora, ndiyo, bila jasho. Treni na mabasi kutoka Lisbon huchukua kama saa moja na nusu, stesheni iko umbali wa kutembea kutoka kuta za mji, na njia mbili kati ya zile nitakazozieleza zinaanzia mjini penyewe. Mgeni asiyeendesha gari, mwenye siku mbili tu, asihangaike na miji mingine.

Marvão zamani ilikuwa na treni. Reli iliyopita Castelo de Vide na kituo cha Beirã kuelekea Hispania ilifungwa kwa abiria mwaka 2012, na leo ukifika Beirã utakuta jengo zuri la stesheni lenye vigae vya rangi ukutani, lakini hakuna treni. Yamebaki mabasi ya kupitia Portalegre, machache siku za kazi na haba zaidi mwisho wa wiki. Asiye na gari ashukie Castelo de Vide, alale huko, na safari za Marvão afanye kwa teksi au kwa miguu yake, maana miji hiyo imeachana kwa kilomita kumi na kitu tu.

Mértola ndiyo ngumu kuliko zote. Mabasi yanayotoka Beja, kilomita kama 50 kaskazini yake, ni machache, na hata ukifika, njia nzuri zaidi haziko mjini. Bila gari utaona mji wenyewe na kipande cha mto, basi. Kwa Mértola mimi nasema wazi: kodi gari au ahirisha.

Évora: kwa asiyetaka kupanda

Njia ninayompeleka kila mgeni ni ile inayofuata mfereji wa maji wa Água de Prata, yaani Maji ya Fedha. Mfereji wenyewe una urefu wa kilomita 18 hivi, ulisanifiwa na Francisco de Arruda, fundi yuleyule wa Mnara wa Belém pale Lisbon, na maji yakaingia mjini mwaka 1537, enzi za mfalme João wa Tatu. Ndani ya kuta, kwenye mtaa wa Rua do Cano, watu wamejenga nyumba katikati ya matao yake. Utaona mlango na dirisha vimekaa ndani ya tao la karne ya 16, na nyumba inayofuata tao lake ni fupi zaidi, kwa sababu ardhi inapanda na mfereji hauwezi kupanda nayo. Ukitoka nje ya mji kinyume chake: ardhi inashuka na matao yanarefuka juu ya mashamba. Sehemu iliyowekewa alama kwa watembea kwa miguu ni kama kilomita 8 kwenda, na kurudi ni kwa njia ileile. Haina mlima wala kilima cha kutajika. Mtoto wa miaka minane anaimaliza.

Ya pili ni Ecopista, njia iliyotandikwa juu ya tuta la reli ya zamani iliyokuwa ikielekea Arraiolos na Mora. Kwa baiskeli ni raha. Kwa miguu, nitasema ukweli, baada ya saa mbili inachosha akili, kwa sababu reli hupenda kwenda moja kwa moja na kutembea kwahitaji kona. Mtu aliyezoea Usambara au ukingo wa Longonot atasinzia huku anatembea.

Ya tatu ndiyo inayoiokoa Évora. Chukua teksi hadi kijiji cha Nossa Senhora de Guadalupe, magharibi mwa mji, kisha tembea kwa barabara ya vumbi kilomita nne hivi hadi Almendres. Pale kuna mawe yapata 95 yaliyosimamishwa kwa mkono wa binadamu, yakipanga umbo la yai kwenye mteremko unaotazama mashariki, na ya kale zaidi yalisimikwa karibu miaka 7,000 iliyopita. Hakuna jengo la kulipia kiingilio wala kioo cha kukutenga nayo. Ukifika mapema asubuhi utakuwa wewe, mawe na kondoo.

Njiani unapita kwenye montado, na hili neno lishike kwa sababu litakufuata Alentejo nzima. Ni shamba la mialoni iliyoachana kwa nafasi kubwa, majani yanamea katikati, mifugo inachungwa chini. Kwa mbali utadhani uko Dodoma au Machakos, mpaka usogelee ule mti na kukuta umechunwa gamba kuanzia chini hadi matawi ya kwanza, shina jekundu kama nyama. Huo ni mwaloni wa kizibo. Ureno hutoa karibu nusu ya gamba la kizibo la dunia nzima, na mti huchunwa mara moja kila miaka tisa, si kabla. Tarakimu kubwa nyeupe iliyochorwa kwenye shina ni ya mwisho ya mwaka uliochunwa: ukiona 3, ni 2023, na mwenye mti atarudi 2032. Watoto wakishaelezwa siri hiyo hawaulizi tena "tumebakiza ngapi?" kwa sababu wanahesabu miti.

Jioni ndipo Évora inapozishinda zile nyingine mbili. Mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986: hekalu la Kirumi, kanisa lililopambwa kwa mifupa ya watu, chuo kikuu cha tangu 1559, na mahali pengi pa kula. Na kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo la kuwasha kidogo. Vasco da Gama, huyohuyo aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, aliishi Évora kwa muda, na mwaka 1519 akapewa ukabaila wa Vidigueira, mji mdogo kusini mwa hapo. Mali iliyotafutwa baharini kwetu ilikuja kutulia kwenye mashamba haya haya ya ngano na mizeituni.

Marvão na Castelo de Vide: kwa mwenye magoti

Hii ndiyo ile picha ya kwenye simu, na picha haikudanganya. Ila watu hufanya kosa moja: wanapanda Marvão kwa gari, wanapiga picha, wanashuka. Marvão inapendeza zaidi ikitazamwa kutoka chini, na zaidi ya hapo ikifikiwa kwa mguu.

Anza Portagem, kijiji kilicho chini ya jabali kwenye mto Sever. Portagem maana yake ni mahali pa kutoza ushuru wa njia. Kuna daraja la kale na mnara wa mawe. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania walipowafukuza Wayahudi, wengi waliingia Ureno kwa kupitia hapa, wakilipa ili wapite, na baadhi wakaishia Castelo de Vide, ambako mtaa wao na sinagogi dogo la zama za kati vipo hadi leo. Ukivuka daraja lile na mzigo mgongoni, hadithi yao unaielewa kwa mabega.

Kutoka Portagem njia ya mawe ya zama za kati inapanda moja kwa moja kupitia misitu. Ni zaidi ya mita 300 za kupanda kwa saa moja hivi, na mawe yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, kwa hiyo mvua ikinyesha vaa viatu vyenye meno au subiri kesho. Juu unaingia kwa lango la ukuta, unapita nyumba nyeupe, unafika ngomeni. Ndani ya ngome kuna birika kubwa la kuhifadhia maji ya mvua, limefunikwa kwa tao refu la mawe. Ukisema neno moja mle linakurudia. Birika hilo na magenge yale yaliwapa shida walioizingira Marvão zamani.

Jina lenyewe ni la Kiarabu. Ibn Marwan, Mwislamu wa ukoo wa wenyeji waliosilimu, aliasi utawala wa Cordoba katika karne ya 9, akaanzisha mji wa Badajoz, na jabali hili likawa kimbilio lake. Mwanzoni mwa Oktoba mji hufanya sherehe za Al Mossassa kumkumbuka, soko likafunguliwa ndani ya kuta. Novemba ni zamu ya maonyesho ya kastania, zile njugu kubwa za kahawia zinazochomwa barabarani kama tunavyochoma mahindi, na misitu yote ya chini inakuwa ya rangi ya dhahabu. Wakati huo ndio ninaoupenda zaidi huko, ingawa vyumba hujaa na lazima ukate mapema.

Kushuka usirudie njia ileile. Kuna mzunguko ulio na alama unaoshukia upande wa pili wa jabali kupitia vijiji na kuta za mawe yasiyotiwa saruji, ukarudi Portagem. Ukiwa na siku nyingine, tazama magofu ya Ammaia, mji wa Kirumi uliozikwa chini ya mashamba ya São Salvador da Aramenha. Ukiwa na gari, nenda kaskazini mwa Castelo de Vide uone jiwe la Meada, refu mita saba na ushei, lililosimama peke yake, kubwa kuliko mawe yote ya aina yake kwenye rasi ya Iberia.

Wapi ulale? Wengi hutaka juu, ndani ya kuta za Marvão, kwa ajili ya machweo. Usiku mmoja si mbaya. Lakini juu maduka ni machache, na kila asubuhi utaanza kwa kushuka na kila jioni utamaliza kwa kupanda, jambo ambalo siku ya tatu halina utani. Castelo de Vide ina mikahawa, ina duka la dawa, ina mteremko wa mitaa yenye vyungu vya maua, na ina Fonte da Vila, chemchemi ya mjini iliyojengewa paa juu ya nguzo za marumaru. Mimi hulala huko.

Mértola: kwa anayetafuta jambo la kwao

Kwa njia peke yake Mértola haiishindi Marvão. Ni miamba, vichaka vya esteva, mto wa rangi ya shaba, na ukimya mwingi. Lakini ukiniuliza ni mji gani kati ya mitatu unaosema na msomaji wa Kiswahili, sitasita.

Panda mtaa unaoelekea ngomeni ufuate kibao kinachosema Igreja Matriz. Igreja ni kanisa kwa Kireno, na ndilo neno lililotuzalia "gereza". Basi ukilifuata gereza hilo utafika kwenye msikiti. Ulijengwa na Waislamu katika karne ya 12, na Wakristo wa shirika la mashujaa wa Santiago walipouteka mji mwaka 1238 wakaugeuza kanisa badala ya kuubomoa. Milango yenye matao ya kwato la farasi imebaki. Nguzo zimesimama kwa safu kama msikitini. Na nyuma ya madhabahu, ukutani, mihrabu ipo. Nimeona watu wakisimama mbele yake kimya muda mrefu kuliko walivyosimama mbele ya kitu chochote Lisbon. Nje, chini ya ngome, kuna sanamu ya Ibn Qasi akiwa juu ya farasi, mwanazuoni wa kisufi aliyeitawala Mértola kwa muda katikati ya karne hiyohiyo. Tangu 2001 mji hufanya tamasha la Kiislamu mwezi Mei, kila baada ya miaka miwili, vichochoro vikafunikwa kwa vitambaa kama soko la Moroko.

Hata jina la mto utalitambua: Guadiana ni "wadi" wa Kiarabu aliyevaa nguo za Kireno. Ukitembea kando yake sikiliza mazungumzo ya wakulima. Zeituni kwao ni azeitona. Sukari ni açúcar. Wakitaka jambo litokee wanasema oxalá, na ukilitamka polepole utamsikia Mwenyezi Mungu ndani yake, kama kwenye inshallah yetu. Sisi tulichukua meza, bendera na leso kutoka kwao, na haya waliyachukua kutoka kwa Waarabu, waliotupa sisi sehemu kubwa ya msamiati.

Njia zenyewe, kwa gari na miguu: kaskazini mwa mji, ndani ya hifadhi ya bonde la Guadiana, kuna Pulo do Lobo, Mruko wa Mbwa Mwitu, mahali ambapo mto mzima unabanwa kwenye ufa mwembamba wa mwamba na kuanguka kwa kishindo. Husemwa mbwa mwitu aliweza kuuruka. Usijaribu, na usisogelee ukingo palipolowa. Mashariki kuna Mina de São Domingos, mgodi wa shaba uliochimbwa na kampuni ya Kiingereza tangu karne ya 19 na kufungwa mwaka 1966. Reli yake ilishusha madini hadi bandari ndogo ya Pomarão mtoni, na tuta lake leo sehemu nyingine hupitika kwa miguu. Ni mandhari ya kutisha na kupendeza kwa pamoja: majengo yaliyobomoka, madimbwi mekundu kama juisi ya rozela. Maji hayo ni tindikali, mtoto asichovye hata kidole.

Ukibahatika mno utamwona linksi wa Iberia, paka mwitu mwenye vishungi masikioni, binamu wa simbamangu wetu. Alikuwa karibu kutoweka, akaanza kurudishwa bonde hili mwishoni mwa 2014. Kwa kawaida utaona nyayo zake tu, na hata hizo ni za kujisifia.

Alama, mageti, bunduki na mbwa

Haya ni sawa kwa miji yote. Njia fupi zina alama ya mistari miwili, njano na nyekundu. Njia ndefu za siku nyingi ni nyeupe na nyekundu. Mistari ikienda sambamba, endelea. Ikipishana kama herufi X, umepotea, rudi kwenye njiapanda ya nyuma. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, kwani mtandao bondeni hukatika. Namba ya dharura ni 112.

Njia nyingi hupita ndani ya mashamba ya watu, na ni halali, ila geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Kundi la kondoo likiwa na mbwa mkubwa wa Alentejo, usikimbie na usipite katikati. Zunguka kwa mbali, taratibu, na umwache akubwekee mpaka achoke.

Vuli na majira ya baridi ni msimu wa kuwinda, hasa siku za Alhamisi, Jumapili na sikukuu. Mértola hujiita makao makuu ya uwindaji ya taifa, kwa hiyo huko ndiko kwa kuwa mwangalifu zaidi: vaa rangi inayong'aa, na ukisikia milio ya bunduki mbele yako badili ratiba. Mwenye nyumba unayolala atajua wanawinda upande gani. Muulize usiku uliotangulia.

Tumbo

Huu ni mkoa wa nguruwe anayelishwa matunda ya mwaloni, na mafuta yake huingia hata mahali usipoyatarajia, hasa kwenye migas, chakula cha mkate uliovunjwavunjwa na kukaangwa. Asiyekula aseme mapema "sem porco", bila nguruwe. Nyama halali kwenye miji hii midogo usiitegemee. Nunua Lisbon, mitaa ya Martim Moniz, kama una jiko. Lakini hutalala njaa. Açorda ni mkate, vitunguu saumu, kotmiri, mafuta ya zeituni, maji ya moto na yai juu, na jina lake ni la Kiarabu, ndugu wa tharidi wanayoifuturia jamaa zetu wa Oman. Sopa de cação ni supu ya papa mdogo yenye kotmiri na siki, na mtu wa Lamu hatahitaji kuelezwa. Jibini za kondoo za Évora na Serpa hugandishwa kwa ua la mbaruti, si kwa tumbo la ndama.

Ukiwa na wiki nzima

Usichague mmoja. Mwezi Aprili, kodi gari Lisbon, anza kusini kabla joto halijakuzidi: siku mbili Mértola. Panda hadi Évora, siku mbili, gari liegeshwe nje ya kuta na ulisahau. Malizia Castelo de Vide siku tatu, magoti yakiwa yameshazoea. Kama huna gari, igeuze: Évora siku nne kwa treni, Castelo de Vide tatu, na Mértola ingoje mwaka mwingine.

Na siku utakayopanda Marvão kwa miguu, kabla hujaondoka Castelo de Vide patana na dereva wa teksi saa ya kuja kukuchukua mlango wa ngome, na namba yake uiandike kwenye karatasi. Simu huzimika, na jua likishazama kule juu hutampata wa kumuuliza habari za basi.